Kazi ya kusimamia haki ya maji Kibondo na Kasulu: Nani analipwa, nani anajitolea?

Na Mwandishi Wetu

KWA msafiri anayefika Kasulu au Kibondo kati ya Desemba na Aprili, habari za ugomvi wa maji zinaweza kuonekana kama kichekesho. Vilima vimevaa kijani, chemchemi zinabubujika mabondeni, na vijito vilivyofurika vinakata barabara ambazo miezi michache kabla zilikuwa vumbi tupu. Nyanda hizi za juu za Mkoa wa Kigoma hupata mvua nyingi kuliko mikoa ya katikati ya nchi, na wenyeji wake hawajazoea kuhesabiwa miongoni mwa watu wenye kiu.

Mvua zinapokatika, hesabu hubadilika. Mkulima wa mboga bondeni anayataka maji yale yale ambayo kijiji cha chini kinayategemea kwa kunywa. Skimu ya mpunga inataka kujaza mifereji yake, mwenye mtambo wa kumenya kahawa anataka kuosha zao lake, mfugaji anataka kunywesha, na mji unaokua unataka kujaza matangi. Kijito ni kimoja, na kila mmoja anaamini kuwa ni chake.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuamua nani achukue maji kiasi gani, kutoka wapi na kwa masharti yapi. Kazi hiyo huitwa usimamizi wa haki za maji, na si wengi mijini wanaoifahamu, ingawa umeme, chakula na maji ya bomba vinaitegemea. Makala haya yanaeleza watu hao ni akina nani, wanasoma nini, wanaajiriwa na nani na wanalipwaje.

Jambo moja hujitokeza mapema kwa anayeifuatilia kazi hii: kadiri mtu anavyokuwa karibu zaidi na mto, ndivyo malipo yake yanavyokuwa madogo na yasiyo na uhakika, ilhali kazi yake ndiyo inayobeba uamuzi wa wote walio juu yake.

KWA NINI KIBONDO NA KASULU

Wilaya hizi mbili ziko kwenye vyanzo vya mito inayotumikia eneo kubwa zaidi ya mipaka yake. Mto Malagarasi, ulio mrefu kuliko mito yote inayoingia katika Ziwa Tanganyika, unaanzia kwenye milima ya mpaka wa Tanzania na Burundi, unashuka hadi kwenye mabwawa ya asili ya Muyovozi, kisha unageuka magharibi kupitia Uvinza kuelekea ziwani. Mto Ruchugi unakusanya maji ya Kasulu na kuungana na Malagarasi huko Uvinza.

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye ukubwa wa hekta milioni 3.25, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaohusu hifadhi ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Chini zaidi, kwenye maporomoko ya Igamba, ndipo palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 49.5. Mitambo ya umeme haiwezi kuzalisha kwa maji ambayo yameshachepushwa huko juu, hivyo kila kibali cha kuchota maji kinachotolewa Kibondo au Kasulu kinagusa, hata kama ni kwa kiasi kidogo, taa za Kigoma.

Watu nao wameongezeka. Mwaka 2012 wilaya mpya za Kakonko na Buhigwe zilimegwa, ya kwanza kutoka Kibondo na ya pili kutoka Kasulu, na kila moja ikahitaji makao makuu na mabomba yake. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kutokana na machafuko ya Burundi, zilifanya vijito na visima vilivyokuwa vikihudumia vijiji vichache vitegemewe na idadi ya watu inayolingana na miji. Mji wa Kasulu nao umo katika mpango wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022.

HAKI YA MAJI NI NINI KISHERIA

Watu wengi hudhani kwamba mwenye shamba ndiye mwenye mto unaopita shambani mwake. Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hamiliki maji. Anachoweza kupewa ni ruhusa ya kuyatumia.

Sheria iliyotangulia, ya mwaka 1974, iliita ruhusa hiyo haki ya maji. Ile ya 2009 inaiita kibali cha kutumia maji. Mabadiliko hayo si ya jina pekee. Neno haki liliwafanya wengi waamini kuwa wamepewa kitu cha kudumu, wakati kibali kina kiasi, kina masharti, kina ada, na kinaweza kupunguzwa au kufutwa maji yanapopungua au masharti yanapokiukwa.

Kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Mama anayeteka ndoo mtoni havunji sheria yoyote. Anayehitaji kibali ni yule anayechepusha mto, anayejenga banio au bwawa, anayechimba kisima cha kibiashara, au anayesukuma maji kwa mashine kwa ajili ya skimu, kiwanda au mradi wa maji wa kijiji. Anayerudisha maji machafu mtoni, kama mwenye mtambo wa kahawa, anahitaji kibali kingine cha kutiririsha.

Sheria hiyo pia inazitambua haki za kimila na kuzipa hadhi sawa na zile zilizotolewa kwa hati. Kwa jamii ya Waha, ambao wamelima mabonde yao vizazi na vizazi, kifungu hiki ni muhimu. Tatizo ni kwamba haki ya kimila haina karatasi, na mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa haraka mbele ya ofisi.

Katika kugawa maji, mahitaji ya binadamu hutangulia, yakifuatiwa na yale ya mazingira, ndipo zije shughuli za uchumi. Mto hauruhusiwi kukaushwa hata kama wote wanaouchota wana vibali. Kanuni hiyo inaeleweka vizuri kwenye karatasi. Kuitekeleza kunahitaji mtu anayejua mto una maji kiasi gani leo.

SAFARI YA KIBALI KIMOJA

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wilayani Kasulu kinachotaka kujenga banio ili kimwagilie bustani. Kikundi hakiendi halmashauri wala ofisi ya maji ya wilaya kupata kibali. Kinapeleka maombi kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake mjini Kigoma. Bodi hiyo ni moja kati ya tisa zinazosimamia mabonde ya nchi nzima, mengine yakiwa Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa na Ziwa Victoria.

Ombi likishapokelewa, mhaidrolojia, yaani mtaalamu wa maji ya mito na mvua, hutazama kumbukumbu za mto husika. Kama ni kisima, kazi hiyo huenda kwa mtaalamu wa maji yaliyo chini ya ardhi. Fundi sanifu huenda kwenye eneo, hupima, huangalia banio litakapokaa na kuwauliza walio chini ya mto wanatumiaje maji. Mtaalamu wa maabara huchukua sampuli pale ubora wa maji unapohusika. Afisa maendeleo ya jamii huzungumza na vijiji. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi alitoe. Mwanasheria hupitia masharti, na mwisho bodi huamua.

Kwa kawaida mwombaji hupewa kwanza kibali cha muda ili ajenge miundombinu yake. Ukaguzi ukionyesha kuwa alichojenga kinalingana na alichoomba, ndipo hupewa kibali kamili na kuanza kulipa ada ya matumizi inayotegemea wingi wa maji na aina ya shughuli.

Hivyo karatasi moja imepita mikononi mwa watu wenye fani zisizopungua tano. Lakini yote waliyoamua yamejengwa juu ya takwimu moja: wingi wa maji mtoni. Takwimu hiyo, kwenye mito mingi, haikuletwa na mhandisi. Imeletwa na mwanakijiji anayekwenda mtoni asubuhi na jioni kusoma ubao wenye namba uliosimikwa majini na kuandika alichokiona kwenye daftari. Siku asiyokwenda, siku hiyo haipo katika kumbukumbu za taifa. Vifaa vya kujiandikia vyenyewe vimeanza kuenea, lakini navyo huibwa, huharibika na hubebwa na mafuriko, na bado vinahitaji mtu wa karibu wa kuvitazama.

MILANGO MITATU YA AJIRA

Kijana anayetafuta kazi katika sekta hii huchanganyikiwa kwa sababu taasisi ni nyingi na majina yanafanana. Ufunguo wa kuzielewa umo katika Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, iliyotenganisha kazi tatu ambazo awali zilikuwa zimechanganywa: kusimamia rasilimali, kutoa huduma na kudhibiti.

Mlango wa kwanza ni wa wasimamizi wa rasilimali. Hapa ndipo ilipo Bodi ya Maji ya Bonde, na chini yake Kamati za Vidakio, ambazo huangalia eneo la mto mmoja na matawi yake, pamoja na Jumuiya za Watumia Maji katika ngazi ya vijiji. Hawa ndio wasimamizi wa haki za maji hasa. Mkuu wao kitaalamu aliitwa kwa miaka mingi Afisa wa Maji wa Bonde, na siku hizi hujulikana kama mkurugenzi wa bodi.

Mlango wa pili ni wa watoa huduma. Mijini zipo mamlaka za maji. Vijijini, tangu Julai 1, 2019, kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka huo na kuchukua wataalamu wa maji waliokuwa chini ya halmashauri. RUWASA ina meneja wa mkoa na meneja wa wilaya, na chini yake vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo ndivyo vinavyoendesha mradi wa kila siku. Hawa wote hawatoi vibali. Wao wenyewe ni waombaji mbele ya bodi ya bonde.

Mlango wa tatu ni wa wadhibiti na wadau wengine. Wamo EWURA inayodhibiti bei na huduma za maji, NEMC inayosimamia mazingira, na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Zipo pia kampuni binafsi za kuchimba visima na za ushauri, pamoja na mashirika ya misaada. Kwa upande wa kimataifa ipo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, iliyotokana na mkataba uliosainiwa mwaka 2003 na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia.

Kibondo na Kasulu zina upekee katika mlango huu wa tatu. Tangu miaka ya 1990, na tena baada ya 2015, mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi, yakiwamo makubwa kama Oxfam, yaliajiri mafundi, wahandisi na wahamasishaji wa maji. Vijana wengi wa huku walijifunza kazi ya maji kambini kabla ya kuifahamu serikalini. Udhaifu wa ajira hiyo ni kwamba hufuata fedha za wafadhili: mkataba ni wa miezi, na kambi ikipungua watu, nafasi hupungua pia.

ELIMU INAYOTAKIWA

Njia inayofahamika zaidi ni Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974 na ambacho wazee wa sekta bado wanakiita Rwegarulila. Chuo hicho hufundisha haidrolojia na hali ya hewa, maji chini ya ardhi na uchimbaji wa visima, maabara ya ubora wa maji, umwagiliaji, pamoja na uhandisi wa usambazaji wa maji, kuanzia astashahada hadi shahada. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa katika masomo ya sayansi anaweza kuanzia ngazi ya chini na kupanda hatua kwa hatua bila kupitia kidato cha sita.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mafunzo ya juu ya rasilimali za maji. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutoa shahada ya uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Chuo Kikuu Ardhi kinafahamika kwa uhandisi wa mazingira, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa shahada za uzamili na uzamivu.

Anayetaka kuitwa mhandisi hana budi pia kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa asiye na uwezo wa kwenda mbali, cheti cha ufundi bomba au umeme kutoka VETA kinatosha kumwingiza katika chombo cha maji cha jamii. Na wasidhani vijana wa masomo ya sanaa kwamba mlango umefungwa: bodi zinahitaji wanasheria, wahasibu na maofisa maendeleo ya jamii, kwa sababu migogoro mingi ya maji haimalizwi kwa bomba bali kwa mazungumzo.

MISHAHARA: KARATASI NA MFUKO

Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangazo hueleza ngazi ya mshahara badala ya kiasi. Katika ngazi za jumla za serikali zinazojulikana kama TGS, fundi sanifu mwenye stashahada kwa kawaida huanzia TGS C, mwenye shahada isiyo ya uhandisi huanzia TGS D, na mhandisi huanzia TGS E. Wakala na mamlaka zina miundo yake, na baadhi hulipa zaidi ya hapo. Msomaji anayetaka kiasi halisi atazame waraka wa mishahara wa mwaka husika, kwa kuwa viwango hubadilika.

Mabadiliko hayo yamekuwa makubwa katika miaka ya karibuni. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh300,000 hadi Sh370,000 mwaka 2022. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kingepanda kwa asilimia 35.1 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo.

Mshahara wa kwenye barua, hata hivyo, si ule unaofika mfukoni. Tufanye hesabu ya mtumishi mwenye mshahara wa Sh1,000,000 kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/2025. Mchango wake wa pensheni wa asilimia 5 ni Sh50,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni Sh30,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa kwenye Sh950,000 zilizobaki baada ya pensheni, ni Sh115,500. Anabaki na Sh804,500. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani Sh150,000, na kubakiwa na Sh654,500.

Pamoja na makato hayo, mtumishi huyo ana vitu ambavyo wenzake wa ngazi ya chini hawana: mshahara unaoingia kila mwezi, kupandishwa daraja, likizo, matibabu na pensheni ambayo mwajiri huchangia asilimia 15. Akienda kazini nje ya kituo, hulipwa posho ya kujikimu. Kwa mtu wa haki za maji, ambaye kazi yake ni safari za mtoni, posho hiyo si jambo dogo. Upande wa pili ni kwamba bajeti ya safari ikikatwa, mto haukaguliwi.

WALIO KARIBU NA MTO

Sasa tushuke bondeni. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 uliolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991. Maji yalikuwa ya bure na Serikali ndiyo iliyomlipa mwendesha pampu. Lengo halikufikiwa, pampu nyingi zilisimama kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera zilizofuata zikaweka mzigo wa uendeshaji mabegani mwa watumiaji. Tangu hapo, malipo ya mfanyakazi wa mradi wa kijiji yanatoka kwenye ndoo.

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa ajili ya hesabu tu. Chombo cha jamii kina familia 400 zinazonunua ndoo tatu za lita 20 kila siku, kwa Sh20 kwa ndoo. Mapato ya siku ni Sh24,000, na ya mwezi ni Sh720,000. Chombo kikimwajiri fundi na mhasibu kwa Sh150,000 kila mmoja, zinabaki Sh420,000 za dizeli au umeme, vipuri, walinda vituo, na ada ya kibali cha maji kwa bodi ya bonde.

Halafu mvua zinaanza. Familia hukinga maji ya paa au kurudi kwenye chemchemi ambazo nyanda hizi zimejaliwa kuwa nazo, na mauzo yakashuka kwa nusu. Mapato ni Sh360,000. Ukiondoa mishahara ile miwili, zinabaki Sh60,000. Pampu ikiharibika mwezi huo, ama haitengenezwi, ama fundi halipwi. Huu ndio mtego wa maeneo yenye mvua nyingi: wingi wa maji ya bure kwa miezi sita unamwondoa kazini mtu ambaye kijiji kitamhitaji katika miezi sita mingine.

RUWASA imekuwa ikihimiza vyombo vidogo viungane ili viwe na wateja wa kutosha kuajiri fundi na mhasibu wenye sifa. Ni hatua ya maana, kwani chombo cha vijiji vitano kinaweza kumudu kile ambacho cha kijiji kimoja hakiwezi. Lakini umbali nao unaongezeka, na fundi mmoja mwenye baiskeli hawezi kufika vilima vitano kwa siku moja.

Hali ya viongozi wa Jumuiya za Watumia Maji ni ngumu zaidi. Sheria inawapa kazi ya kugawa zamu, kusuluhisha migogoro, kulinda vyanzo na kusaidia kukusanya ada, lakini haiwapi mshahara. Wanategemea viingilio vya wanachama na posho ya kikao. Msoma vipimo vya mto naye hupewa posho ndogo ambayo haifanani na mshahara wowote uliotajwa hapo juu, na haina pensheni.

Ni hao hao wanaotakiwa kumwambia jirani yao aondoe bustani yake ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza. Ofisa wa bonde anaweza kutoa amri hiyo na kurudi Kigoma jioni. Mwenyekiti wa jumuiya atalala kijijini hapo hapo, jirani na aliyefukuzwa.

SOMO KUTOKA USANGU

Tatizo hili halikuanzia Kigoma. Katika miaka ya 1990 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kusambaza utaratibu wa vibali na ada katika mabonde ya Pangani na Rufiji. Mwaka 2004 Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, IWMI, ilichapisha utafiti wa Barbara van Koppen na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Tanzania Charles Sokile, Nuhu Hatibu, Henry Mahoo na Pius Yanda, kuhusu matokeo ya utaratibu huo katika eneo la Ruaha Mkuu.

Waligundua kwamba kuwafuata wakulima wadogo wengi kwa ajili ya ada ndogo kunaweza kugharimu ofisi kuliko kinachokusanywa. Waligundua pia kwamba vibali vilitaja kiasi cha maji wakati mabanio hayakuwa na vipimo, na kwamba wengi waliolipa waliona wamenunua ruhusa ya kuchota watakavyo, hata wakati wa kiangazi. Ugomvi haukupungua.

Kwa Kibondo na Kasulu, ambako wakulima wadogo wa mabondeni ni wengi kuliko mashamba makubwa, somo ni la moja kwa moja. Bodi inayotegemea ada za watu maskini itabaki na fedha kidogo, na itakapopunguza matumizi, wa kwanza kukosa posho atakuwa msoma vipimo. Naye akiacha, mhaidrolojia mwenye shahada atakaa ofisini bila takwimu, akikadiria mto ambao hajauona tangu mwaka jana.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUSAINI

Kijana anayefikiria kazi hii asikatishwe tamaa, kwani kila mradi mpya wa maji, umeme au umwagiliaji unahitaji kibali, na kila kibali kinahitaji mtaalamu. Ila na aulize maswali manne kabla hajasaini.

Kwanza, nani mwajiri: ni bodi ya bonde, RUWASA, mamlaka, chombo cha jamii au shirika? Jibu ndilo linaloamua kama ana pensheni. Pili, mshahara unatoka Hazina, kwenye mauzo ya maji au kwa mfadhili, na mkataba unaisha lini? Tatu, je, chombo chenyewe kina kibali cha maji kilicho hai? Mradi usio na kibali unaweza kujikuta hauna ulinzi mwingine akiomba maji hayo hayo. Nne, kazi hiyo inampa njia ya kusoma na kupanda ngazi? Msoma vipimo mwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kuwa fundi sanifu wa haidrolojia, na hakuna anayeufahamu mto kuliko yeye.

Kwa upande wa wanaopanga bajeti, hesabu yake si kubwa. Gharama ya kumlipa msoma vipimo mmoja kwa mwaka ni ndogo mno ikilinganishwa na banio lililojengwa mahali pasipo na maji ya kutosha, au kesi ya vijiji viwili iliyofika kwa mkuu wa wilaya. Mikataba ya mabilioni ya miradi ya umeme na ya miji inatayarishwa kwa kutumia daftari la mtu huyo. Kumwingiza katika utaratibu wa malipo unaoeleweka, japo kwa ajira ya muda, kungeanza kuziba pengo lililopo kati ya ofisi na mto.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wasimamizi wa maji wa vijijini hawajawahi kuharibiwa na sifa, kwa kuwa hawajasifiwa. Wanachohitaji ni malipo yanayofika kwa wakati, hasa miezi ile ambayo mvua inanyesha na kila mtu amesahau kuwa kiangazi kitarudi.